Kupanga Fedha kwa Majira

Miongoni mwa mambo ambayo mwalimu wa shule ya msingi hutakiwa kuyafundisha bila ya yeye mwenyewe kufundishwa sawasawa, kupanga fedha ni mojawapo. Asubuhi hukutana nalo darasani katika somo la Hisabati, chini ya mada ya fedha. Jioni hukutana nalo tena, wanakijiji wanapomwomba awaandikie daftari la kikundi chao cha kuweka na kukopa, maana hapana kijiji ambamo mwalimu haombwi kuwa mwandishi. Na ufikapo mwisho wa mwezi hukutana nalo mfukoni mwake mwenyewe. Katika sehemu zote tatu huchukua kipimo kimoja tu, nacho ni mwezi: mapato ya mwezi, matumizi ya mwezi, akiba ya mwezi. Maoni yetu ni kwamba kipimo hicho, katika mwambao huu wa Bagamoyo na vijiji vyake, ndicho kinacholiharibu somo tangu mstari wa kwanza.

Kabla ya kueleza sababu, yafaa tutazame mahali ambapo somo hili hufundishwa kwa watu wazima. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa nchini mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya nchi za Skandinavia, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa Rødding, Denmark, mwaka 1844. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi kueleza na gumu kutekeleza: mtu mzima aje chuoni pamoja na shughuli zake na maswali yake, ajifunze, kisha arudi kwao akaitumie elimu hiyo, bila ya kupitishwa katika chekeche la mitihani. Hivi leo vyuo hivyo vimezidi hamsini. Kwetu sisi kilicho jirani ni cha Kibaha, kilichomo katika Shirika la Elimu Kibaha, ambalo asili yake ni mradi wa nchi za Nordik ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Katika vyuo hivi watu hujifunza ushonaji, useremala, umeme, kilimo, upishi na mengineyo; na pamoja na ufundi huo hufundishwa ujasiriamali na utunzaji wa fedha, kwa kuwa fundi asiyejua kupanga fedha zake huishia kuuza cherehani.

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha darasa la tatu aweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu mno. Tangu Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, yaani 1970, shule ya msingi imekuwa ni kituo cha watu wazima pia, na walimu wake wamekuwa ndio walimu wa wazazi. Zaidi ya hayo, mtoto wa darasa la sita na mama yake aliyejiandikisha kwa mafunzo ya muda mfupi chuoni hula chungu kimoja. Tukimfundisha mtoto hesabu ya fedha isiyofanana na fedha aionayo nyumbani, tutakuwa tumefundisha kujumlisha na kutoa tu. Hilo ni jema, lakini si kupanga.

Sasa tulitazame somo lenyewe kama lifanywavyo aghalabu. Mwalimu huchora ubaoni jedwali lenye safu mbili, MAPATO na MATUMIZI, na juu yake huandika: "Kwa mwezi". Kisha humwelekea mwanafunzi mtu mzima, tuseme mama anayekaanga samaki na kuwauza, akamwuliza, "Mama, kwa mwezi unapata kiasi gani?" Mama hunyamaza. Mwalimu hudhani kwamba hajui, akaandika tarakimu ya kubuni ili somo liendelee. Kumbe mama hakunyamaza kwa kutojua. Amenyamaza kwa sababu swali halina jibu. Kama angekuwa na ujasiri wa kumjibu mwalimu, angemwuliza naye: "Mwezi gani, mwalimu?"

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mshahara huja kwa mwezi, lakini bahari haiji kwa mwezi wa kalenda. Kuanzia Desemba hadi Machi au hivi huvuma kaskazi, bahari ikatulia, vyombo vidogo vikatoka na kurudi na kitu. Kuanzia Mei hadi Agosti, na pengine Septemba, ni kusi. Bahari huchafuka, na mwenye mtumbwi au ngalawa hukaa siku nyingi akishona nyavu. Ndani ya majira hayo makubwa mna majira madogo. Wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku kuwavuta samaki, kwa hiyo mwezi uwapo mpevu kazi hulala. Wakulima wa mwani, kama wale wa Mlingotini, hungojea bamvua maji yakupwe mbali ndipo waweze kupanda na kuvuna, na kamba zao huhitaji wiki sita hivi kabla ya kuvunwa. Mwenye minazi huangua kila miezi mitatu au karibu yake. Mwenye mikorosho huona fedha kati ya Oktoba na Desemba, kisha haioni tena mpaka mwaka ujao. Mwenye shamba la chumvi huomba jua, na masika yakiingia huweka chepe chini. Ukienda bara kidogo, Kiwangwa, mkulima wa mananasi hungoja mwaka mzima au zaidi tangu kupanda hata kuvuna. Watu wote hao tunawaweka katika jedwali moja lililoandikwa "Kwa mwezi", kisha tunastaajabu kwamba somo halikai vichwani mwao.

Tuchukue mfano wa hesabu, maana maneno matupu hayamtoshi mwalimu. Tarakimu ni za kutungwa, lakini umbo la mwaka ni la kweli. Yuko mama mkaanga samaki ambaye faida yake, baada ya kutoa bei ya samaki, mafuta na kuni, ni shilingi 300,000 kwa kila mwezi wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Katika miezi ya kati, yaani Aprili, Septemba, Oktoba na Novemba, hupata shilingi 180,000. Katika miezi minne ya kusi, Mei hadi Agosti, hupata shilingi 90,000. Kwa mwaka mzima amepata 1,200,000 na 720,000 na 360,000, jumla shilingi 2,280,000. Gawanya kwa kumi na mbili: wastani ni shilingi 190,000 kwa mwezi. Mwalimu wa jedwali la mwezi hufika hapa akafurahi, akaandika 190,000 upande wa mapato, na kumshauri mama asitumie zaidi ya hizo.

Ushauri huo waweza kuwa wa kweli, na waweza kuwa wa kumtumbukiza mama shimoni. Hutegemea ameanza lini. Akianza Desemba, kila mwezi wa kaskazi humbakia 110,000, na mwisho wa Machi ana akiba ya 440,000. Aprili anapungukiwa 10,000, zikabaki 430,000. Kusi inaingia: kila mwezi anapungukiwa 100,000, na mwisho wa Agosti ana 30,000 mkononi. Miezi mitatu iliyobaki inazimaliza hizo 30,000, na Novemba inapokwisha amefika sifuri bila ya kumkopa mtu yeyote. Lakini mama huyu huyu, kwa fedha zile zile na matumizi yale yale, akiuanza mpango wake mwezi wa Mei, kwa kuwa ndipo alipotoka chuoni na daftari jipya, mwisho wa Agosti atakuwa amepungukiwa shilingi 400,000. Jumla ni ile ile, na wastani ni ule ule. Lakini katika mwaka wa pili mama yumo mikononi mwa mkopeshaji. Wastani umeficha mpangilio, na katika mambo ya fedha mpangilio ndio uhai.

Twaweza kuiendeleza hesabu hii mpaka kwa mkopeshaji mwenyewe, maana naye ni sehemu ya majira: huonekana zaidi bahari inapochafuka. Tuseme mama amekopa shilingi 100,000 tu mwanzoni mwa Mei, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na kila mwezi akishindwa kulipa riba hiyo huongezwa juu ya deni. Mwisho wa Mei anadaiwa 120,000, Juni 144,000, Julai 172,800, Agosti 207,360. Deni limezidi maradufu kabla ya bahari kutulia. Wananchi wameipa mikopo ya aina hii jina la "kausha damu", na hatudhani kwamba yuko mtunga kamusi ambaye angepata jina sahihi zaidi. Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuifanya hesabu hii mwenyewe kwa punje za mahindi au makombe ya pwani: ishirini kwa kila mia, mara nne. Tumeona kwamba fungu la makombe linavyokua mbele ya macho ya watoto husema zaidi kuliko onyo lolote la mwalimu.

Hapa yatupasa tuseme jambo lisilopendeza. Walimu vijana wanaopangiwa kufundisha pwani, hususan watokao mikoa ya mbali, huja na maneno waliyoyasikia huko njiani: kwamba mpwani hajui kuweka, kwamba falsafa yake ni "ponda mali kufa kwaja", kwamba apatapo leo hula leo. Maneno haya husemwa katika vyumba vya walimu, na watoto huyasikia, kwa sababu madirisha ya shule zetu hayana vioo. Mwalimu anayeamini hivyo hawezi kufundisha kupanga fedha hata akipewa zana zote duniani. Atakuwa akihubiri tu, na watu wazima wanapohubiriwa huacha kuhudhuria.

Wala si kweli. Bagamoyo ni mji uliojengwa kwa mikopo ya muda mrefu. Katika karne ya 19 misafara ilikuwa ikitoka hapa kwenda Tabora na Ujiji ikiwa imebeba nguo na shanga zilizochukuliwa kwa mkopo, na deni hilo lililipwa pale pembe za ndovu zilipofika pwani, pengine baada ya mwaka au zaidi. Mmoja wa matajiri waliogharimia misafara hiyo, Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, ndiye aliyetoa jengo la shule mjini Bagamoyo kwa sharti la kuwapokea watoto bila ya ubaguzi wa rangi. Hatutaki kuipamba biashara ile, maana iliambatana na mateso ya watu wengi. Tunasema tu kwamba kungojea fedha kwa mwaka mzima, kugawa hasara na kuandika deni si mambo ambayo watu wa mwambao walingojea kufundishwa na semina. Hata leo, chombo kirudipo kutoka baharini, hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula, kisha kilichobaki hugawanywa kwa mafungu, la mwenye chombo na nyavu na la mabaharia. Kijana ambaye hakumaliza darasa la saba huifanya hesabu hiyo ufukoni, kwa kichwa, mbele ya watu wanaomtazama kwa jicho kali. Mwanafunzi huyo akija chuoni au darasani akaambiwa kwamba hajui hesabu za fedha, kosa ni la nani?

Tatizo la mvuvi, basi, silo kutojua kuhesabu. Mara nyingi tatizo ni kwamba fedha za kaskazi hazina mahali salama pa kukaa hadi kusi. Zikiwa ndani ya nyumba huombwa. Zikiwa katika simu huchomoka kidogo kidogo, kila muamala na tozo yake. Benki iko mjini, na nauli ya kwenda na kurudi ni samaki kadhaa. Kwa hiyo wengi hugeuza fedha kuwa kitu: bati, matofali, nyavu, kitenge, dhahabu ya bibi arusi. Mwalimu mgeni huviona vitu hivyo akasema ni anasa. Mwenye navyo huona ni akiba, na ni kweli ni akiba, ijapokuwa ina kasoro yake: bati lililonunuliwa Februari huuzwa kwa hasara mwezi wa Julai. Somo zuri la kupanga fedha lingewekwa hasa hapo, katika kupima hasara hiyo, badala ya kukariri kwamba akiba haiozi na haba na haba hujaza kibaba. Methali hizo wanazijua tangu hawajaota meno.

Lipo jambo jingine ambalo jedwali la vitabuni haliligusi. Jedwali hilo hudhani kwamba kila nyumba ina mfuko mmoja. Katika nyumba nyingi za mwambao mifuko ni miwili. Kwa mujibu wa dini na desturi, kumlisha mke na watoto ni wajibu wa mume, na mali ya mke ni yake mwenyewe; akiitia katika chungu ni hisani yake. Ukweli wa maisha, bila shaka, ni kwamba kusi ikivuma hisani hiyo ndiyo inayowalisha wote. Lakini mwalimu anayemwambia mama mbele ya darasa aorodheshe "mapato ya familia", yake na ya mumewe, amegusa mambo ambayo hakukaribishwa. Njia iliyo bora ni kuchora mifuko miwili ubaoni na kuacha wanafunzi wenyewe waseme ni matumizi gani hutoka katika mfuko upi. Mabishano yatakayozuka hapo yatakuwa ni somo tosha la kipindi kizima, na mwalimu atajifunza kuliko wote.

Kuhusu riba, ushauri wetu ni mfupi. Wazazi wengi wa Bagamoyo ni Waislamu na wanaiona riba kuwa ni haramu. Mwalimu hakuajiriwa kuwahimiza wala kuwakataza. Afundishe jinsi riba inavyohesabiwa, kwa kuwa anayeikataa naye anahitaji kuitambua inapojificha chini ya jina la "ada" au "huduma". Na ataje kwamba taasisi zisizotumia riba zipo, Amana Bank ikiwa ni benki ya kwanza ya namna hiyo nchini, iliyofunguliwa mwaka 2011.

Turudi darasani. Katika vitabu vingi vya Hisabati, mtoto katika mada ya fedha ni mnunuzi. Ananunua kalamu, ananunua sabuni, anarudishiwa chenji. Hata "duka la darasa", ambalo ni zana nzuri na tunawahimiza wanachuo wote waitumie, humfundisha kutumia tu. Ni mara chache mno mtoto kuulizwa shilingi ile imetoka wapi na itarudi lini. Sisi tungependa mwanachuo aandaapo somo hili kwa darasa la tano au la sita aanze na mduara mkubwa uliochorwa sakafuni au uwanjani, wenye sehemu kumi na mbili. Watoto waitaje kwanza miezi, kisha juu yake wayataje majira: kaskazi hapa, masika hapa, kusi hapa, vuli hapa. Watoto wa wavuvi watamsahihisha mwalimu, na awaache wamsahihishe. Baada ya hapo waweke makombe katika kila mwezi kwa kadiri ya mapato ya familia ya kubuni. Halafu waweke punje za mahindi kwa matumizi: chakula kila mwezi, sare na madaftari Januari, nguo za Idi. Na hapa kuna ugumu mzuri ambao mwalimu asiukwepe. Mwezi wa Ramadhani na Idi huhama, hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda hii yetu ya ofisini. Kwa hiyo kuna miaka Idi huangukia katika kaskazi yenye neema, na kuna miaka huangukia katikati ya kusi. Mtoto anayeweza kueleza kwa nini nguo za Idi ni nyepesi kununua mwaka huu na nzito miaka kumi baadaye amekwisha kuelewa kupanga fedha kuliko wengi wetu.

Neno "ya kubuni" tumelitumia kwa makusudi. Tumepata kuona andalio la somo ambamo mwanachuo alipanga kuwauliza watoto baba zao hupata fedha kiasi gani. Nia yake ilikuwa njema, yaani kulihusisha somo na mazingira. Lakini mtoto anayesema "baba hana kazi" mbele ya wenziwe arobaini na watano amevuliwa nguo. Itungwe familia, ipewe jina, wapewe shughuli zao, na darasa zima liwe washauri wao. Siri za nyumba zibaki nyumbani.

Baada ya darasa kuwa na mduara uliojaa, ndipo mwalimu aingize ajali: mashine ya boti imeharibika Februari, bibi ameugua Juni, wanangu mtafanyaje? Ndipo pia, kwa darasa la saba, wastani uingie na wauone udhaifu wake wenyewe, kwa hesabu kama ile ya mama mkaanga samaki. Mtoto akiona kwamba jawabu sahihi la wastani laweza kuwa ushauri mbaya, amejifunza jambo kubwa la Hisabati ambalo mtihani hauliulizi.

Tumesema kwamba mwalimu hukutana na somo hili mfukoni mwake pia, nasi hatuwezi kulipita. Mwanachuo atakayeajiriwa atakuwa na bahati ya kupata kwa mwezi, wakati majirani zake wote hawapati hivyo. Achukue mshahara wa mfano wa shilingi 600,000 na viwango vya makato vilivyokuwapo mwaka 2024. Mchango wa pensheni, asilimia 5, ni 30,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni 18,000. Kodi huhesabiwa juu ya 570,000 zilizobaki baada ya pensheni: 270,000 za kwanza hazitozwi, 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000, na 50,000 za mwisho asilimia 20, ambayo ni 10,000, jumla 30,000. Akiwa mwanachama wa chama cha walimu, asilimia 2 ni 12,000. Amebakiwa na 510,000. Yeye ambaye amekopeshwa ada na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu aondoe hapo asilimia 15 nyingine ya mshahara.

Sheria inataka mtumishi wa umma abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote. Katika mfano wetu ni 200,000. Maana yake mkopo unaopitia kwa mwajiri waweza kumeza 310,000 kila mwezi, kwa miaka, na bado ukawa halali. Theluthi ile ni ukuta wa mwisho. Wakopeshaji wa mitaani wanaujua ukuta huo, na wamepata njia ya kuuruka: huchukua kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri, wakaenda wao wenyewe kwenye mashine siku ya mshahara. Kijijini kila mtu hujua ni mwalimu yupi asiye na kadi yake. Mwalimu huyo atasimamaje Jumatatu mbele ya mduara wa makombe? Tunapendekeza kwamba vyuo vya ualimu vitenge vipindi vichache, katika muhula wa mwisho, kila mwanachuo aandike mwaka wake wa kwanza wa kazi, miezi kumi na miwili, pamoja na miezi ile ya mwanzo ambayo mshahara waweza kuchelewa naye yuko ugenini, hana shamba wala ndugu. Huo nao ni msimu wa kusi, na hujirudia kwa kila mwajiriwa mpya.

Limebaki jambo la vikundi. Upatu ni wa kale pwani. Hizi benki za vijiji, vikoba, zina asili nyingine, kazi ya wanawake wa Niger iliyoanza mwaka 1991, ambayo ilifika Zanzibar na bara baadaye. Sanduku lake lenye makufuli matatu, funguo zikikaa kwa watu watatu, ni zana ya kufundishia isiyo na mfano, na mwanachuo akipata ruhusa ya wenyewe awapeleke wanafunzi wakalione. Mwalimu akiombwa kuwa mwandishi wa kikundi, akubali. Lakini kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza awaulize wanachama swali moja: sanduku hili tutalivunja lini? Vikundi vingi tulivyovijua huvunja Desemba, kwa mazoea tu yaliyotoka kwa watu wa mishahara na sikukuu za mwisho wa mwaka. Kwa wakaanga samaki na wake wa wavuvi Desemba ndipo fedha zinapoanza kuingia. Wanagawana wakati ambapo kila mtu anazo, na Juni, wakati hapana aliye nazo, sanduku nalo ni jepesi kwa kuwa mwaka wake bado mchanga. Kikundi kama hicho kingefaa kufungua mwaka wake mwezi wa Juni, kikusanye kwa wingi kaskazi nzima, na kugawana mwezi wa Mei, upepo unapogeuka. Kwa wakulima wa korosho mwezi utakuwa mwingine, na kwa watu wa Kiwangwa mwingine tena. Wanachuo watakaotawanyika kwa mazoezi ya kufundisha muhula ujao, kila mmoja katika kijiji chake, twawaomba warudi na mduara mmoja uliojazwa kwa maelezo ya wenyeji. Ukuta wa chumba chetu cha zana una nafasi ya kutosha.